Marehemu kwenye orodha ya wamiliki: kisa cha rejista ya hisa iliyosahaulika

Usuli

Kampuni ninayoieleza hapa ni ya binafsi, iko Kenya, na inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Majina, mji na tarehe nimeviondoa, na idadi za hisa nimezisawazisha ili hesabu ifuatike bila kikokotoo. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Ilisajiliwa miaka ya 1990 chini ya Sheria ya Kampuni ya zamani, Sura ya 486. Waanzilishi walikuwa marafiki wanne. Walitoa hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja, huku hati ya kampuni ikiruhusu hadi hisa 2,000. Mwenyekiti alichukua 400, Mshirika 300, Marehemu (wakati huo mzima wa afya) 200, na wa nne, nitakayemwita Muuzaji, 100.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Muuzaji aliamua kwenda zake. Alimuuzia Mwenyekiti hisa zake zote 100. Hati ya uhamisho ilitiwa sahihi na wote wawili, hundi ikapita benki, hati ikaingia kwenye bahasha ya kaki na bahasha ikaingia kabatini. Ushuru wa stempu haukulipwa, na hakuna aliyeandika chochote kwenye rejista ya wanachama isipokuwa neno moja, "Ameuza", kwa penseli, pembeni mwa jina lake, bila tarehe wala sahihi.

Miaka michache baadaye Marehemu alifariki bila wosia. Familia haikufungua mirathi kwa sababu hakukuwa na ugomvi, na pasipo ugomvi watu wengi hawaoni haja ya kwenda mahakamani. Kampuni iliendelea kumpa mjane gawio kila mwaka, taslimu, akitia sahihi kwenye kitabu cha stakabadhi.

Hisa 300 za Mshirika hazikuwa zake hata siku moja. Alizishika kwa niaba ya ndugu yake, na ushahidi wa hilo ulikuwa barua ya ukurasa mmoja waliyoandikiana wao wawili.

Mwisho akaja Mwekezaji. Sheria mpya, Nambari 17 ya mwaka 2015, ilikuwa tayari inatumika. Alileta mtaji uliookoa kampuni, na kikao cha wakurugenzi kikampa hisa mpya 500. Alipewa cheti na kupigwa picha nacho. Taarifa ya utoaji wa hisa, ambayo sheria inataka ifike kwa Msajili wa Kampuni ndani ya mwezi mmoja, haikupelekwa.

Jambo moja zaidi linahitajika ili kisa kieleweke. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa na katibu wa nje. Sheria ya 2015 iliposema kwamba kampuni binafsi inalazimika kuwa na katibu pale tu mtaji wake uliolipwa unapofika shilingi milioni 5, Mwenyekiti alifanya hesabu ya haraka, akaona mtaji wake hata laki mbili haufiki, akasitisha mkataba. Hakukosea kisheria. Lakini wajibu wa kutunza rejista ulibaki palepale, na sasa haukuwa wa mtu yeyote kwa jina. Anwani na barua pepe za kampuni kwenye kumbukumbu za Msajili nazo zilibaki zile za katibu aliyeondoka.

Sheria inadai nini

Kifungu cha 93 cha Sheria hiyo ya 2015 kinaitaka kila kampuni itunze rejista ya wanachama yenye majina na anwani zao, tarehe kila mmoja alipoandikishwa, tarehe aliyekoma alipokoma, na hisa ambazo kila mmoja anashikilia. Kampuni isipotimiza hayo, kampuni yenyewe na kila afisa aliyehusika na kosa wanaweza kutozwa na mahakama faini isiyozidi shilingi 500,000 kila mmoja.

Kifungu cha 93A, kilichoingizwa mwaka 2019, kiliongeza rejista ya pili, ya wamiliki manufaa: watu wa damu na nyama wanaofaidika na kampuni au kuidhibiti, hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mwingine. Kanuni za 2020 ziliweka kiwango cha asilimia 10 ya hisa au ya kura, pamoja na uwezo wa kuteua au kuondoa mkurugenzi, au ushawishi mkubwa juu ya kampuni. Mfumo wa kielektroniki wa kuwasilisha taarifa hizo ulifunguliwa Oktoba 2020. Muda wa mwisho wa kampuni zilizokuwepo ukawekwa 31 Januari 2021, kisha ukasogezwa hadi 31 Julai 2021. Mabadiliko yoyote baada ya hapo huwasilishwa ndani ya siku 14. Faini hapa pia inafika 500,000, na baada ya hukumu kosa likiendelea, hadi 50,000 kwa kila siku.

Watu husoma namba hizo na kudhani ni za kampuni peke yake. Kampuni yetu ilikuwa na wakurugenzi watatu: Mwenyekiti, Mshirika na binti wa Mwenyekiti. Kampuni na wakurugenzi watatu ni washtakiwa wanne. Kwa rejista moja, kiwango cha juu kabisa ni milioni 2. Rejista zote mbili zilikuwa na kasoro, kwa hiyo milioni 4. Mtaji wote wa kampuni uliotolewa kwa thamani ya hisa ulikuwa shilingi 150,000.

Mambo yalivyofuatana

Kampuni iliomba mkopo wa kununulia shehena kubwa. Benki ikataka CR12 mpya, yaani taarifa rasmi ya Msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, pamoja na uthibitisho kwamba wamiliki manufaa wamewasilishwa. Hii ilikuwa baada ya Februari 2024, Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na benki hazikuwa tena na mzaha na maswali ya nani anamiliki nini.

CR12 ilipotoka, ilionyesha watu walewale wanne wa miaka ya 1990. Marehemu yumo na hisa zake 200. Muuzaji yumo na 100. Mwekezaji, ambaye kwa hesabu yake alikuwa anamiliki theluthi ya kampuni, hayumo kabisa. Sababu ni rahisi: CR12 haina uganga, inarudisha kile ambacho kampuni yenyewe ilikipeleka. Na kila mwaka aliyejaza taarifa ya mwaka alinakili ya mwaka uliotangulia.

Wiki hiyohiyo, katibu wa zamani akampigia simu Mwenyekiti. Kulikuwa na notisi kutoka kwa Msajili kwenye barua pepe yake: kampuni haijawasilisha wamiliki manufaa, na imepewa muda kabla ya hatua kuchukuliwa.

Mhasibu wa kampuni, mtu mwaminifu na mchapakazi, aliambiwa amalize jambo hilo jioni hiyo. Aliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akaiweka CR12 pembeni, na akawajaza wanahisa wanne kuwa ndio wamiliki manufaa. Kwa Marehemu alitumia nakala ya kitambulisho iliyokuwa kwenye faili. Fomu ilidai namba ya simu. Akaweka ya mtoto wa kwanza wa Marehemu.

Mfumo ulipokea. Mwenyekiti alituma uthibitisho benki, na kwa siku kadhaa kila mtu aliamini mambo yamekwisha. Kisha afisa wa benki aliyekuwa akihakiki wateja akapiga namba ile na kuomba kuzungumza na mwenye hisa 200. Kijana akajibu, "Huyo ni baba, na alishafariki zamani."

Benki ilisimamisha ombi siku hiyo. Mwekezaji aliyasikia mambo benki kabla hajayasikia kwa wenzake, akaandika barua kali akiuliza zilikokwenda hisa zake. Hapo ndipo nilipoitwa.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulihusu fomu ya mhasibu. Mwenyekiti alitaka tuirekebishe kimyakimya: tuingie, tumwondoe Marehemu, tumweke Mwekezaji, tutoke. Nilikataa, na wakili wa kampuni akaniunga mkono. Hadi jioni ile kampuni ilikuwa imechelewa. Baada ya jioni ile ilikuwa imepeleka taarifa isiyo kweli kwa mamlaka, na hilo ni kosa la aina nyingine: kuchelewa huonekana kwenye kalenda, lakini taarifa ya uongo humtafuta mtu aliyeijaza na kuuliza alijua nini. Mhasibu alijua kwamba Marehemu amefariki, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlipa mjane gawio la mwaka uliopita.

Tuliandika barua kwa Msajili. Tulieleza kwamba taarifa iliyowasilishwa ilinakiliwa kutoka kumbukumbu zilizopitwa na wakati, kwamba mmoja wa waliotajwa ni marehemu, kwamba rejista ya wanachama inajengwa upya kutoka nyaraka za asili, na tukaomba muda. Hatukulaumu mfumo, wala katibu wa zamani, wala mhasibu. Mwenyekiti alisita sana kutia sahihi. Aliona anajipeleka mwenyewe kwenye kesi. Aliyemshawishi ni binti yake. "Baba, na mimi jina langu liko hapo kama mkurugenzi, na sijawahi kuiona hiyo rejista." Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyeendesha kazi yote, na sidhani ingefika popote bila yeye.

Uamuzi wa pili: rejista ijengwe hisa kwa hisa, na kisiingie kitu kisicho na karatasi nyuma yake. Kitabu chenyewe kilikuwa na jalada gumu la kijani, safu zimechorwa kwa rula, mwandiko wa watu watatu tofauti. Kitabu cha vyeti ndicho kilichosaidia zaidi. Kila cheti kinapokatwa huacha kishina chenye namba, jina na idadi ya hisa, na vishina huwa havibishani. Tuligundua cheti namba 5 kimetolewa mara mbili: kimoja kwa Mwenyekiti kwa hisa 100 za Muuzaji, kingine kwa Mwekezaji kwa hisa 500. Aliyeandika cha Mwekezaji alifungua kitabu kipya na kuanzia pale alipodhani cha zamani kiliishia. Kampuni iliwaita wote wawili, ikafuta vyeti hivyo kwa azimio la wakurugenzi, na ikaweka nakala zilizofutwa kwenye faili.

Ubao mmoja ulitosha kwa hesabu. Hisa 1 hadi 1,000 za mwanzo, kila kundi na njia yake. Kisha 1,001 hadi 1,500 za Mwekezaji. Penye pengo la karatasi tuliacha pengo wazi, tukatafuta muhtasari wa kikao, taarifa ya benki au hundi.

Uamuzi wa tatu ndio niliotaka kuukalia zaidi, kwa sababu kishawishi chake kipo kila mahali: hati ya uhamisho ya Muuzaji. Muuzaji alikuwa hai na hakuwa na kinyongo. Mhasibu alipendekeza wasaini hati mpya, safi, ya tarehe ya leo, na ile ya zamani ichanwe. Pendekezo lilionekana halina madhara. Lakini uuzaji haukufanyika leo. Kodi ya faida ya mtaji ilisimamishwa Kenya mwaka 1985 na haikurudi hadi 1 Januari 2015, kwa asilimia 5; tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Mauzo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliangukia ndani ya kipindi ambacho kodi hiyo haikutozwa. Hati ya leo ingeyageuza kuwa mauzo ya leo, kwa thamani ya leo, na ingemwachia Muuzaji deni la kodi kwa hela alizokula miaka mingi iliyopita. Isitoshe, ingekuwa hati inayosema uongo kuhusu lini hisa ziliuzwa.

Hati isiyopigwa stempu haipokelewi kuwa ushahidi katika kesi ya madai, na kampuni haipaswi kuiandikisha. Kwa hiyo tuliipeleka hati ya zamani yenyewe, yenye tarehe yake, na Mwenyekiti akalipa ushuru wa asilimia 1 pamoja na adhabu ya kuchelewa. Nakala ya hundi iliyopita benki ilithibitisha bei. Kwenye rejista tuliandika tarehe ya kweli ya kuandikisha, yaani siku tuliyoandika, na maelezo mafupi kwamba hati ni ya tarehe ile ya zamani. "Ameuza" ya penseli tuliiacha ilivyo. Hakuna sababu ya kufuta kitu ambacho siku moja kinaweza kumsaidia jaji.

Uamuzi wa nne ulimhusu Mshirika na ndugu yake. Mshirika alisema hisa ni zake kwenye karatasi na hilo lapaswa kutosha. Kwenye rejista ya wanachama linatosha kweli. Aliyeandikwa ndiye mwanachama. Rejista ya wamiliki manufaa inauliza swali jingine. Kampuni ilimpelekea ndugu huyo notisi rasmi ya kumtaka ajibu kama ana maslahi kwenye hisa hizo. Alikaa kimya. Kanuni zinaipa kampuni uwezo wa kumwonya na hatimaye kuzifungia hisa za namna hiyo, zisihamishwe, zisipigiwe kura, zisilipwe gawio. Onyo lilipofika, majibu yalikuja kabla ya muda kwisha. Sababu zake za kujificha hazihusu uchambuzi huu. Alichokuwa hajui ni kwamba taarifa za wamiliki manufaa hazitundikwi hadharani kama majina ya wanahisa. Chini ya kanuni za 2020 zilikusudiwa mamlaka husika. Angeelezwa hilo mwanzoni, pengine notisi ya pili isingehitajika.

Uamuzi wa tano sikukubaliana nao, na ulifanywa kabla sijapata nafasi ya kuupinga. Mwenyekiti, akiwa sasa amejaa hofu ya sheria, aliagiza mjane asipewe gawio tena hadi mirathi ifunguliwe. Kisheria alikuwa na hoja: gawio ni la mwenye hisa, mwenye hisa amefariki, na wa kupokea kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Miaka yote ile kampuni ilikuwa inamlipa mtu ambaye haikuwa na uthibitisho kwamba ndiye wa kulipwa. Lakini agizo lilifika kwa mjane kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili kutoka kwa mhasibu.

Mjane

Hili nimelipa kichwa chake kwa sababu ndilo lililogharimu muda mrefu kuliko mengine yote.

Alikuja ofisini na mwanawe. Hakupiga kelele. Alimuuliza Mwenyekiti, "Shemeji, mnataka nini na hisa za mume wangu?" Mwenyekiti akaanza kueleza kifungu cha sheria, na mama akainuka akaondoka. Juma lililofuata tulipokea barua ya wakili wake.

Barua ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia. Haikusimama kwenye gawio. Iliuliza kuhusu hisa 500 za Mwekezaji. Wanahisa waliopo wana haki ya kupewa nafasi ya kwanza kampuni inapotoa hisa mpya kwa fedha, isipokuwa haki hiyo imeondolewa ipasavyo. Hisa 200 za Marehemu zilikuwa asilimia 20 ya kampuni. Baada ya Mwekezaji kuingia zikawa asilimia 13.3. Nani aliulizwa kwa niaba yake? Muhtasari wa kikao ulikuwa na sahihi mbili, ya Mwenyekiti na ya Mshirika. Wakili wa kampuni alishauri kwamba dosari hiyo haifuti hisa za Mwekezaji, ila inafungua mlango wa madai ya fidia dhidi ya kampuni na wakurugenzi waliojua.

Kwa maneno mengine, ujumbe wa mistari miwili uliamsha dai lililokuwa limelala kwa miaka. Na kwa kuwa hapakuwa na msimamizi wa mirathi, hapakuwa na mtu wa kupatana naye kisheria hata kama pande zote zingetaka.

Binti wa Mwenyekiti ndiye aliyekwenda nyumbani kwa mjane, bila wakili na bila karatasi. Walikubaliana mambo matatu. Gawio liwekwe kwenye akaunti ya pekee kwa jina la kampuni, na mjane aonyeshwe taarifa yake kila lilipoingia. Kampuni ilipie gharama za kufungua mirathi. Na suala la hisa mpya lisubiri msimamizi apatikane, bila upande wowote kupoteza haki yake. Kuthibitishwa kwa mirathi huchukua kwa kawaida angalau miezi sita baada ya hati ya usimamizi kutolewa, kwa hiyo hakukuwa na njia ya mkato.

Matokeo

Msajili alipokea taarifa mpya. Kampuni ililipa ada za kuchelewesha kwa taarifa ya hisa mpya, na Mwenyekiti alilipa adhabu ya stempu. Hakuna aliyeshtakiwa. Milioni 4 zile za kwenye karatasi hazikudaiwa na yeyote, na zote nilizoona zikilipwa kama adhabu zilikuwa sehemu ndogo ya walicholipwa mawakili wa pande mbili.

Mkopo ulipotea. Benki haikusubiri, na shehena ikanunuliwa kwa mkopo wa aliyeiuza shehena yenyewe, uliokuwa ghali zaidi. Mwekezaji alibaki, lakini alidai kiti kwenye bodi na haki ya kuikagua rejista wakati wowote, akapewa vyote viwili. Mhasibu alibaki pia.

Mirathi ilipothibitishwa, mjane akiwa msimamizi, kampuni na familia walipatana: familia iliachia dai la hisa mpya, na kampuni ikalipa kiasi walichoafikiana. Mjane na watoto wake watatu walikubaliana kugawana hisa 200 sawasawa, 50 kila mmoja.

Rejista ya wanachama sasa inasoma hivi: Mwenyekiti 500, Mwekezaji 500, Mshirika 300, warithi wanne 50 kila mmoja. Wamiliki manufaa ni Mwenyekiti na Mwekezaji kwa asilimia 33.3 kila mmoja, na ndugu wa Mshirika kwa asilimia 20. Mshirika mwenyewe yumo kwenye rejista moja tu. Warithi, kwa asilimia 3.3 kila mmoja, hawamo kwenye ya pili.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko yote ni mpangilio: rejista ya wanachama kwanza, wamiliki manufaa baadaye. Ya pili inahesabiwa juu ya ya kwanza. Tazama Muuzaji. Kwa CR12 ya zamani alikuwa na hisa 100 kati ya 1,000, asilimia 10 kamili, kwa hiyo mhasibu hakukosea hesabu alipomjaza. Kwa rejista ya kweli hakuwa na hata hisa moja. Marehemu alijazwa kwa asilimia 20 ilhali hisa zake zilishapunguzwa nguvu na za Mwekezaji. Mwenyekiti aliandikwa 40 badala ya 33.3. Kila namba kwenye fomu ile ilikuwa na kosa, na hakuna hata moja ambayo mfumo ungeweza kuigundua. Kampuni nyingi nilizoona zikikimbizana na notisi hufanya hivihivi, kwa sababu notisi inataja fomu, na mtu hujibu kile alichoulizwa.

Kujitaja kwa Msajili kulifaa, lakini nisingependa msomaji achukue hilo kuwa dawa ya kila hali. Kulifaa hapa kwa kuwa kosa la fomu lilikuwa la siku chache, chanzo chake kilielezeka kwa karatasi, na barua ilikwenda na mpango wa kazi wenye tarehe. Kama mhasibu angekuwa ameelekezwa kwa makusudi kumficha Mwekezaji, kwa mfano ili benki isimwone, ushauri wa kwanza ungekuwa kila mkurugenzi atafute wakili wake binafsi.

Kukataa kurudisha tarehe nyuma au kuzisogeza mbele kuligharimu adhabu ya stempu, nafuu mno ukilinganisha na asilimia 15 ya kodi ya faida ya mtaji.

Orodha ya yaliyokwenda vibaya ni ndefu zaidi. Kumwondoa katibu kulikuwa halali na bado kulikuwa uamuzi mbaya, kwa jinsi ulivyofanywa: hakuna orodha ya kazi alizokuwa akifanya, hakuna aliyezipokea, hata anwani haikubadilishwa. Nimeona kampuni zisizo na katibu zikiwa na rejista safi kabisa. Zote zina mtu mmoja ambaye ukimuuliza "kitabu kiko wapi" anainuka na kukileta.

Taarifa za mwaka nazo zilikuwa nafasi ya kujirekebisha, na kila mwaka ilipotezwa. Fomu ile huuliza wanahisa ni akina nani. Aliyejaza alijua mmoja amekufa na mwingine ameuza. Sidhani alidanganya kwa nia. Alichukulia kwamba fomu ni ya serikali na ukweli wa kampuni uko kwingine, kabatini.

Kuhusu gawio la mjane, Mwenyekiti alikuwa sahihi kwamba malipo yale hayangeweza kuendelea. Kosa lilikuwa kuyakata kabla ya kuweka kitu kingine mahali pake, na kumtuma mhasibu. Mtu aliyelipwa kwa nia njema miaka mingi hujifunza kwamba haki yake ni ile nia njema. Ukiiondoa ghafla, humwachi na chochote isipokuwa wakili. Akaunti ya pekee ilikuwa jibu tangu siku ya kwanza, na isingehitaji zaidi ya azimio moja la bodi.

Kuna swali ambalo kisa hiki hakikulimaliza. Faini inayomfuata kila afisa mwenye kosa iliwekwa ili wakurugenzi wajali. Ilimfanya binti ajali, hilo ni kweli. Ilimfanya pia Mwenyekiti akate gawio kwa hofu, na kabla ya hapo ilimfanya aagize fomu ijazwe jioni moja. Adhabu iliyokuwa imemsubiri kwa miaka haikumsogeza. Notisi yenye tarehe ilimsogeza, na ikamsogeza vibaya.

Kwa upande wa kampuni, kazi ya sasa ni ndogo lakini ina tarehe zake. Watoto watatu wa Marehemu wamesema wanafikiria kuziweka hisa zao kwa jina la dada yao mkubwa, nao waachiwe gawio tu. Hisa 50 mara tatu ni 150, na 150 kati ya 1,500 ni asilimia 10 kamili. Siku hati hizo zitakapoandikishwa kampuni itabidi iulize hisa hizo ni za nani hasa, dada au ndugu zake, iandike jibu kwenye rejista ya pili, na kuanzia hapo ihesabu siku 14.